Acheni kununua mipira ya kuzuia mtikisiko kabla ya kupima uzito wa upinde

Kila anapojitokeza mtu Kampala na upinde mpya wa rikavu (wenye ncha zilizopinda mbele), ushauri anaopewa ni uleule: nunua dampa, yaani mpira wa kumeza mtikisiko. Dampa ya fimbo ndefu inayofungwa mbele ya upinde, dampa mbili za fimbo za pembeni, na vipande vya mpira vya kubandika kwenye mikono ya upinde, zile sehemu mbili zinazopinda. Anaagiza nje, analipia usafiri na ushuru Entebbe, upinde unakuwa kimya. Mishale inatawanyika vilevile. Inaniuma, kwa sababu vifaa vya shabaha ni ghali mno kwetu, na pesa hiyo imekwenda mahali pasipohusika.

Mshale huachana na ugwe (kamba ya upinde) ndani ya milisekunde 20 hivi. Mtikisiko unaoupata kwenye kiganja na kiwiko unafika wakati mshale uko hewani, na hakuna mpira utakaourudisha. Kinachoamua kundi la mishale ni kilichotokea kabla: upinde ulitulia mkononi, au kiganja na vidole viliuzungusha upinde huku ugwe bado unausukuma mshale? Hiyo ni kazi ya uzito na mahali ulipowekwa.

Ukaidi wa upinde dhidi ya kuzungushwa hukua kwa mraba wa umbali. Gramu 100 zilizo sentimita 75 mbele ya mpini (kipande cha katikati cha upinde) zinaleta utulivu sawa na gramu 900 zilizo sentimita 25. Mzigo begani haufuati mraba: gramu hizo 100 zinauinamisha upinde kama gramu 300 tu za sentimita 25. Ndiyo sababu fimbo ndefu, nyembamba na ngumu ya kaboni, yenye uzito mdogo kwenye ncha, inaishinda fimbo fupi nzito. Nasisitiza ngumu. Fimbo inayonesa inautupa utulivu uliougharamia, na ile nene inakamata upepo wa ziwani.

Sasa hizo stebilaiza (seti ya fimbo za kutuliza upinde) za Olimpiki ambazo kila mtu anaiga kutoka kwenye picha. Fimbo ya inchi 30, ekstenda (kipande cha kurefusha) ya inchi 5, V-baa (kishikio cha fimbo za pembeni) ya nyuzi 40 kila upande, fimbo za pembeni za inchi 12. Watu wanaamini uzito wa pembeni unasawazisha wa mbele. Pigeni hesabu. Fimbo ya sentimita 30 kwa nyuzi 40 inarudi nyuma sentimita 23, lakini ekstenda imeisogeza V-baa mbele karibu sentimita 13. Zinabaki sentimita 10. Gramu 100 kwenye kila fimbo ya pembeni zinavuta nyuma kwa 2,000 (gramu mara sentimita), wakati gramu 100 za mbele, zikiwa sentimita 89 kutoka kwenye mpini, zinavuta chini kwa 8,900. Fimbo za pembeni zinazuia upinde kulala kushoto au kulia, basi. Ukitaka zipunguze mzigo wa mbele, toa ekstenda au weka fupi, usirundike vyuma.

Kupima hakuna gharama. Anza na gramu 60 mbele na gramu 60 kila upande, bila dampa hata moja. Vuta hadi mwisho, shikilia, utazame saiti (kifaa cha kulengea). Ikitetemeka haraka haraka kwa hatua ndogo, upinde ni mwepesi, ongeza gramu 30. Ikianza kushuka kila unapongoja klika (kibati kinacholia ukifika mwisho wa kuvuta), mbele kumezidi au bega halijawa tayari, punguza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, upige angalau mishale 30 kabla ya kuamua. Raundi moja nzuri haithibitishi lolote.

Uzito wenyewe hauhitaji kutoka ng'ambo. Mkereza vyuma wa Katwe, hapa Kampala, akikukatia duara la chuma lenye kipenyo cha milimita 35 na unene wa milimita 14, limekaribia gramu 100. Shida iko kwenye hesi (mizunguko ya skrubu). Vipande vingi vya uzito hutumia hesi ya robo inchi, mizunguko 20 kwa inchi, na tundu la mpini ni 5/16 ya inchi, mizunguko 24. Bolti ya milimita 8 iliyojaa madukani inaonekana kama ndiyo hiyohiyo. Siyo. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, na ukiilazimisha kwa spana umeua tundu la mpini wa alumini. Mpelekee fundi bolti ya fimbo yako aifuatishe.

Haya, dampa zina faida yake. Zinapumzisha kiwiko na kupunguza skrubu za saiti kulegea. Kwa rikavu, moja kati ya ncha ya fimbo ndefu na uzito inatosha. Shika fimbo ikiwa mlalo: uzito ukining'inia chini ya mstari wa fimbo, mpira ni laini mno. Uguse kwa kidole: ukiendelea kucheza baada ya mara mbili tatu, laini mno. Na mpira uliofungiwa ndani ya gari juani unalainika na mwishowe kupasuka. Hata hivyo, upinde unaopiga kelele ukaguliwe kwanza bolti za mikono, mishale myepesi kupita kiasi, na umbali wa ugwe hadi ndani ya mshiko. Pinde nyingi za inchi 68 hutulia kati ya sentimita 21 na 24, na kuusokota ugwe ili kurekebisha umbali huo hakugharimu kitu.

Kwa kompaundi (upinde wenye magurudumu), mpigaji wa mkono wa kulia aweke fimbo ya nyuma upande wa kushoto ikabiliane na uzito wa saiti. Wa beabou (upinde mtupu, usio na saiti), upinde ukiwa umetolewa ugwe lazima upite kwenye pete ya sentimita 12.2, kwa hiyo fimbo asahau.

Na ninyi mnaotuuzia vifaa, andikeni kwenye pakiti gramu na saizi ya hesi. Neno "professional" halimsaidii mtu kujua kama bolti itaingia.