Kuokoa stima si kazi ya mpangaji peke yake

Kila tokeni za stima zikipanda bei tunaambiwa tu yale yale, zima taa, chomoa chaja, usiache TV ikiwaka bure, na sawa, ni ushauri mzuri na kwangu tunaufuata. Lakini ukiangalia stima inaenda wapi hapa Nairobi, sehemu kubwa ilishaamuliwa na watu wengine kabla mpangaji hajaingiza hata godoro kwa nyumba.

Enda mtaa wa Pipeline kule Embakasi uone. Maploti yamebanana mpaka ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kushika nguo za jirani, na ghorofa za chini saa saba mchana, jua linawaka huko nje, mtoto anafanya kazi ya shule na taa imewashwa. Sasa huyo mama utamwambia azime nini? Hiyo taa iliwashwa na aliyechora ramani pamoja na aliyeipitisha.

Halafu kuna hii shawa ya umeme, ile inachemsha maji yakipita hapo hapo, imejaa kwa nyumba za kupanga. Nyingi zinakula zaidi ya kilowati 5. Piga hesabu, kilowati 5.5 kwa dakika 10 ni kama uniti 0.9 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), na hiyo ni stima ya kuwasha balbu ya LED ya wati 9 kwa masaa 100! Landlodi anaipenda juu kununua ni rahisi, fundi anaifunga haraka, na anayelipia stima si yeye. Angeweka mtambo wa sola wa maji moto juu ya paa, gharama ingemwangukia yeye na nafuu iende kwa mpangaji, kwa hivyo haweki, na bila sheria inayofuatiliwa hatawahi kuweka.

Na wengi wanaoga jioni wakitoka kazini. Kati ya saa moja na saa nne usiku nchi nzima imewasha kila kitu, hapo ndipo mitambo ya mafuta inahitajika kusaidia, na pesa ya hayo mafuta inarudi kwa tokeni yako kama ada. Ikifika saa nane usiku watu wamelala, matumizi yameshuka, na Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini, inabidi mvuke mwingine uachiliwe uende hewani tu juu hakuna wa kutumia hiyo stima. Inauma sana. Viwanda vilipewa nafuu tangu Desemba 2017, wakipitisha kiwango chao cha kawaida usiku wa manane ile ya ziada wanalipa nusu bei, lakini sisi wa tokeni tunalipa bei moja saa zote. Najua mita nyingi zilizoko haziwezi kupima kwa masaa, basi tuanze na zile mpya zinazofungwa.

Friji pia. Kanuni zilitoka 2016 kwamba ziuzwe na lebo ya nyota kuonyesha zinakula stima kiasi gani, lakini mtu wa mshahara mdogo anaangalia bei, ananunua kuukuu iliyotoka ng'ambo na inamfilisi polepole. Ghana walipiga marufuku friji za mitumba 2013. Sisi tunangoja nini? Na hata hatujagusa stima inayopotelea njiani, zaidi ya asilimia 20 ya ile Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, inanunua, kwa laini zilizochoka na kwa wizi.

Mkakati wa kitaifa wa kuokoa nishati ulitoka 2020, na majengo na viwanda vinavyokula uniti 180,000 kwa mwaka kwenda juu vinatakiwa kukaguliwa kila miaka mitatu. Mi nataka hilo jicho lishuke mpaka kwa ploti za kawaida. Kabla kaunti ipige muhuri, mwenye ploti aulizwe mwanga wa mchana utaingilia wapi na maji ya kuoga yatachemshwa na nini, na kama hana jibu arudi na ramani yake.