Upande wa Jiwe

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kulala tu. Nilale kwa Baba Mkubwa, Igogo, usiku mmoja, nilinde pikipiki isiguswe mpaka mnunuzi afike saa tatu asubuhi. Kulala nililala. Nililala vizuri mno.

Baba Mkubwa ni mzee asiyetupa chuma. Uani kwake, katikati ya yale mawe ya Mwanza ambayo watu hujenga wakiyazunguka kwa kuwa hayahamishiki, ana mizani ya pamba, baiskeli mbili za Raleigh, cherehani, redio ya mbao inayokaliwa na mijusi, na fremu ya pikipiki ya BSA Bantam isiyo na injini. Yeye huita makumbusho. Mama Mkubwa huita jalala, tena mbele ya wageni.

Mfalme wa jalala hilo ndiyo pikipiki yenyewe ya kuuzwa, BSA M20. Imetoka Birmingham, Uingereza, kwenye kampuni iliyoanza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemeana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walitoa M20 zipatazo 126,000 kwa ajili ya jeshi, na moja, kwa njia ambayo Baba Mkubwa huisimulia tofauti kila Krismasi, ikaishia Igogo. Silinda moja, cc 496. Gia iko mguu wa kulia, breki wa kushoto, kwa hiyo dereva wa bodaboda wa leo akiipanda atadhani anakanyaga breki kumbe anabadilisha gia. Shokapu za nyuma hazipo kabisa. Kuna springi za kiti, na baada ya hapo ni uti wako wa mgongo.

Ilikuwa na pengo moja tu: taa ya mbele. Ilipotea zamani. Baba Mkubwa aliwashuku mafundi watatu, na wawili kati yao wamekufa bila kuombwa radhi.

Mnunuzi alikuwa mzee mstaafu wa Nairobi, mkusanyaji wa vyuma vya Kiingereza, aliyekuja kwa gari kupitia Sirari na kulala gesti mjini. Sharti lake lilikuwa moja. Isipakwe rangi, isipigwe msasa, isifutwe hata vumbi.

"Rangi nitaipata duka lolote," alisema kwenye simu. "Kutu ya miaka themanini nitainunua wapi?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama Mkubwa, aliyekuwa anachambua dagaa, akaacha.

"Kutu inauzwa?"

"Inauzwa, Mama."

"Basi muulize kama na bati la choo analihitaji."

Tukacheka. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, maana Mama Mkubwa ni mtu ambaye akisikia mgeni anakuja, hata kuku anatamani kuwaosha miguu.

Alfajiri nilisikia kwaru, kwaru, kwaru. Nikajiambia anasugua masufuria. Nikageuka upande wa pili. Kwaru, kwaru. Usingizi ukazidi kunoga.

Saa moja na nusu nikatoka nikipiga miayo. Baba Mkubwa alikuwa ameshakwenda mjini kumchukua mgeni. Mama Mkubwa amekaa juu ya kigoda, kanga kaifunga kiunoni, mkono mmoja stilwaya yenye majivu, mkono wa pili nusu ya ndimu.

"Umeamka, mwanangu? Chukua hiyo nyingine unisaidie upande wa kulia. Wageni ndio hao wanakuja."

Sikuweza kujibu. Upande wa kushoto wa tenki, pale rangi nyeusi ilipokuwa imebanduka, siku zote palionekana kijani cha jeshi, na juu ya kijani hicho namba nyeupe inayoanza na herufi C, namba ya jeshi, iliyofifia kama maandishi ya chaki yaliyofutwa kwa kiwiko. Sasa palikuwa na chuma kitupu kinachong'aa kama sufuria la harusi. Mbegu ya ndimu ilikuwa imenasa kwenye maungio ya tenki. Maji ya majivu yenye vipande vya kijani yalikuwa yanateremka taratibu kuelekea kwa kuku.

"Mama! Si tulisema isiguswe?"

"Mlisema mafundi wasiiguse. Mimi fundi?"

Nilishika kichwa. Kisha nikashika usukani. Kuna jiwe uani pale, kubwa kama daladala, na akili yangu yote ya siku ile niliitumia kuisukuma pikipiki hadi kwenye jiwe hilo, upande wa kushoto ukilielekea, na kuipiga stendi. Ilibaki nafasi ya mtu mwembamba. Upande wa kulia ulikuwa na kutu yake, buibui wake na namba yake. Ukisimama mlangoni, usingejua lolote.

Saa tatu wakafika. Shikamoo, marahaba, karibu, nimekaribia. Mgeni hakutaka hata chai. Alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kitambaa, akawasha tochi, akalowesha kidole gumba kwa mate, akafuta sehemu ndogo kama ukucha juu ya injini. WM20, pikipiki ya vita. Akatabasamu peke yake. Mama Mkubwa aliniangalia kama anayeniuliza: huyu mtu mzima?

Akainuka azunguke kwa mbele. Nikamkuta huko na kiti. Akaja kwa nyuma. Nikamkuta huko na maji ya kunawa.

"Mbona imebanana hivi na jiwe? Hebu tuisogeze kidogo."

"Hapana, mzee wangu. Imezoea hapo."

Baba Mkubwa akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Basi iwake niisikie," mgeni akasema.

Baba Mkubwa goti lake halipigi kiki siku hizi, nami nilijua mtu mwingine yeyote akipewa kazi hiyo ataivuta kwanza pikipiki nje. Nikapanda mimi, goti la kushoto likisuguana na jiwe. Nikafungua mafuta. Nikabonyeza kile kitufe cha kabureta mpaka petroli ikatiririka kwenye vidole. Pembeni ya usukani kuna kipini kidogo cha kurudisha taimingi, na kila mtu katika ukoo wetu ameshaambiwa, wengine kwa kofi, kwamba hicho ndicho cha kwanza. Usipokirudisha, moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda, na injini inaurudisha mguu wako ulikotoka.

Mimi nilikuwa nawaza jiwe.

Nikapiga kiki kwa uzito wangu wote. Injini ikajibu mara moja tu: bwah! Kiki ikaupiga muundi wangu, mguu ukapanda juu kuliko nilivyojua unaweza kupanda, nami nikaangukia kulia nikiwa bado nimeshika usukani, kwa hiyo M20 ikatoka kwenye stendi ikanifuata. Ikalala kwa ubavu wake wenye kutu. Ubavu wa pili ukatazama mbinguni.

Jua la Mwanza saa nne kasoro halifichi mtu. Mwanga uliruka kwenye lile tenki ukampiga mgeni usoni, akakinga macho kwa kiganja. Baba Mkubwa akavua kofia, kama anayepishana na jeneza.

"Hii," mgeni aliuliza polepole, "ni pikipiki moja au mbili?"

"Ingekuwa yote hivyo," akasema Mama Mkubwa akininyooshea kidole pale chini, "ila huyu alinikatiza."

Waliiinua pikipiki kwanza, mimi baadaye. Bei ya mwanzo sitaitaja, nina watu wananidai. Ila ilishuka laki saba papo hapo, na isingekuwa ile namba ya upande wa kulia ingeshuka zaidi. Baba Mkubwa alikubali bila kufungua mdomo, kwa kichwa tu.

Mgeni akaenda kukaa kivulini, dirishani pa jiko, ahesabu hela. Akahesabu, akasimama katikati ya hesabu.

"Mama, hiki chungu cha mshubiri umekitoa wapi?"

"Hicho? Kilikuwa kwenye jalala, miaka mingi. Kizuri, kina matundu chini, maji hayatuami."

Mgeni alikigeuza. Kilikuwa cheusi, cha duara, kimefanya kutu kwenye ukingo. Baba Mkubwa akajikalisha kwenye kigoda cha kusugulia. Nadhani alikuwa anawawaza wale marehemu wawili.

"Hujawahi kukisugua?" mgeni aliuliza, sauti inamtetemeka.

"Chungu cha maua nani anasugua?"

"Laki tatu."

"Nne," alisema Mama Mkubwa, "na hela ya taa ni yangu."

Akaung'oa mshubiri na udongo wake, akavunja jani, akachuchumaa kunipaka utomvu kwenye muundi uliokuwa umeshavimba, huku mkono wa pili ukipokea noti.