Sarafu Yenye Kasoro Ikigunduliwa Leo, Bei ya Leo Isikudanganye

Katikati ya mwaka 2009 Waingereza walimwaga pochi na vibubu vyao mezani wakitafuta sarafu ya peni 20 isiyo na mwaka. Mwaka uliotangulia, Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha nchi hiyo kilichoko Llantrisant, Wales, kilikuwa kimebadili michoro ya sarafu zake. Kwenye peni 20 ya zamani mwaka uliandikwa upande wa waridi. Kwenye mpya ukahamia upande wa kichwa cha Malkia. Katika mabadiliko hayo mhuri wa zamani wa kichwa, yaani chuma kinachogonga mchoro wa upande mmoja wa sarafu, ukafungwa mashine moja na mhuri mpya wa ngao, na sarafu zikatoka hazina mwaka upande wowote. Mnunuzi mmoja London akatangaza pauni 50 kwa kila moja. Kwenye minada ya mtandaoni wauzaji wakataja maelfu. Makadirio yaliyotolewa ya idadi yake yalikuwa kati ya 50,000 na 200,000, na leo sarafu hiyo hupata pauni 50 hadi 100 hivi.

Wakusanyaji hubishana aliyepata sarafu yenye kasoro mpya afanye nini: wanaosema "uza mapema" huutaja mfano huu kama ushahidi wao, na wanaosema "shikilia" huutaja pia. Aliyelipa maelfu alipigwa. Lakini aliyeikuta kwenye chenji ana kitu chenye thamani ya mara 250 na zaidi ya ile iliyoandikwa juu yake, na thamani hiyo haijaporomoka. Ubishi huu hauishi kwa sababu pande zote mbili zinajadili bei bila kuuliza kwanza kasoro ilitokea hatua gani ya kazi. Bei ya wiki za mwanzo hupima sarafu ngapi zimeonekana. Ngapi zipo ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo huanzia kiwandani.

Sarafu hupitia hatua chache. Bamba la chuma hukatwa visahani vitupu, visahani huinuliwa ukingo, kisha kila kimoja hugongwa kati ya mihuri miwili ndani ya pete inayoshika ukingo. Kasoro ikiwa kwenye kisahani, au kwenye pigo moja lililokwenda upande, sarafu iliyotoka ni ya pekee. Hakuna nyingine inayofanana nayo kabisa, ingawa aina yake ni ya kawaida. Kasoro ikiwa kwenye mhuri wenyewe, kila pigo linairudia. Mashine za kisasa hupiga sarafu 700 na zaidi kwa dakika. Saa moja bila mkaguzi kushtuka ni sarafu 42,000 kutoka mashine moja. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kasoro mpya ya mhuri na kusema "zimeonekana tano tu duniani", tano hizo ni za kwanza kuokotwa. Mifuko mingine bado ipo benki.

Dola ya Marekani yenye sura ya George Washington ilifuata njia hiyo hiyo. Ilitoka Februari 2007 ikiwa na maandishi yaliyozama kwenye ukingo: mwaka, alama ya kiwanda na kaulimbiu mbili. Maandishi hayo huwekwa na mashine ya pili baada ya kugongwa, na kundi kubwa la sarafu likaondoka kiwanda cha Philadelphia bila kupitia mashine hiyo. Mapema Machi moja iliuzwa dola 600 mtandaoni. Siku chache baadaye bei ilikuwa dola 40 hadi 60, kwa kuwa idadi ilianza kukadiriwa kwa makumi ya maelfu. Katika kasoro ya aina hii ninasimama na wauzaji wa mapema bila kusita: anayeikuta aiuze wiki hiyo hiyo, na anayetaka kuinunua asubiri miezi sita.

Wanaosema "shikilia" nao wana jibu zito. Mwaka 2000, pale pale Philadelphia, mhuri wa robo dola ulifungwa pamoja na mhuri wa dola ya Sacagawea, sarafu ya dola moja iliyopewa jina la mwanamke huyo. Ikatoka sarafu chotara ya rangi ya dhahabu, uzito gramu 8.1, upande mmoja Washington na maneno ya robo dola, upande wa pili tai na maneno ya dola moja. Ina thamani mbili, jina la nchi limeandikwa mara mbili, na mwaka haupo. Ya kwanza iliyogunduliwa, huko Arkansas, iliuzwa dola 29,900 mwezi Agosti mwaka huo huo. Kwa mantiki ya peni 20 bei ilipaswa kuanguka. Badala yake, mwaka 2018 moja ilifikia dola 192,000. Tofauti ni kwamba kiwanda kiligundua kosa na kuharibu sehemu kubwa ya sarafu hizo kabla hazijatawanyika. Zinazojulikana ni takriban 20. Swali la kwanza kwa kasoro ya mhuri, basi, ni kama kundi lilikamatwa kabla ya kutoka. Umaarufu wake kwenye habari hausaidii kulijibu.

Hata hivyo idadi haimalizi hesabu. Senti ya Marekani ya 1955 yenye herufi pacha ilifika mitaani kwa wingi unaokadiriwa kuwa 20,000 hadi 24,000, lakini hata iliyochakaa hupata dola 1,000 au zaidi. Ni maelfu kwa maelfu, nayo bado ni ghali. Kosa lake huonekana kwa macho matupu: mhuri ulikandamizwa mara mbili na mhuri mama, ule unaotumika kutengenezea mihuri, na kati ya mikandamizo ukazunguka kidogo, hivyo tarehe na maneno yote upande wenye kichwa cha Rais Lincoln yakajiandika mara mbili. Halafu senti za Lincoln zina wakusanyaji wengi mno, na karibu kila mmoja ana nafasi moja kwenye albamu inayoisubiri hiyo. Kasoro ya sarafu isiyokusanywa na watu wengi inaweza kuwa na vipande vitatu duniani na isipate mnunuzi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mkanganyiko mkubwa ni wa senti 10 na senti 5 za kikoloni za 1936, zenye tundu katikati na jina EDWARDVS VIII. Wengi huziona hazina kichwa cha mfalme na kudhani ni kasoro. Sarafu za tundu hazikuwekewa kichwa kamwe, kwa kuwa tundu limekaa mahali pake. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936, jina lake likabaki juu ya sarafu hizi, nazo zilipigwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Tundu lililokwenda pembeni, au ambalo halikutobolewa kabisa, hiyo ndiyo kasoro.

Kabla ya kujadili bei, ipime. Unahitaji mizani inayosoma gramu 0.01, kipimo cha milimita na lenzi ya mara 10. Peni 20 ni gramu 5.00 na milimita 21.4. Mwaka uliosuguliwa huacha mikwaruzo na pengo katika mzunguko wa herufi. Dola ya Washington ni milimita 26.5. Kwa kuwa maandishi ya ukingo yamezama, mghushi hulazimika kula chuma hadi chini yake, na upana hupungua. Chotara za kughushi hutengenezwa kwa kukomba sarafu moja kama sahani na kupachika nusu ya nyingine ndani: tafuta mstari mwembamba unaozunguka ndani ya ukingo, kisha igonge na usikilize, kwani iliyounganishwa hutoa mlio mfu. Herufi pacha za kweli zina unene kamili na ncha zilizogawanyika. Mhuri uliotikisika wakati wa pigo huacha kivuli bapa, kama ngazi ya chini iliyokatwa kwenye herufi, na hicho hakiongezi bei.

Kisha piga hesabu ya gharama. Kampuni za kuthibitisha kama PCGS na NGC hutoza makumi ya dola kwa sarafu, mbali na posta ya kwenda na kurudi, kwa hiyo kuituma sarafu ya dola 60 ni hasara. Tazama bei za mauzo yaliyokamilika, usitazame bei wanazotaja wauzaji. Mnunuzi anayekuomba utume kwanza "ada ya usajili" haitaki sarafu yako. Na usiisafishe, hata kwa sabuni na kitambaa laini: ngozi ya chuma iliyotoka nayo kiwandani ikishasuguliwa, mthibitishaji ataandika "imesafishwa" kwenye cheti, na nusu ya bei au zaidi itakuwa imekwenda na maji ya sabuni.