Juu Yangu Kuna Vyuma

Mimi ni fundi cherehani. Fremu yangu iko chini, na juu yangu kuna jimu. Mwenye nyumba alipopangisha huko juu nilimuuliza ni nani wanaingia, akasema, "Vijana wa mazoezi tu." Hilo "tu" lake nitalipeleka kaburini.

Ikifika saa kumi na moja jioni, wateja wanapotoka kazini kuja kupimwa, darini chuma kinaanza kunyesha. Kwanza unasikia mtu anaguna kama lori la mchanga linapanda mlima. Halafu kimya. Kimya hicho ndicho kibaya, maana kinachokuja unakijua, ila hujui kinakuja saa ngapi. Mguu uko kwenye pedeli, kitambaa kiko chini ya sindano, na wewe umekunja shingo unasubiri. Puuu! Mkasi unaruka. Chaki inachora Mlima Kilimanjaro kwenye kiuno cha mtu. Juzi dada mmoja kaja kuchukua sare yake ya harusi, akauliza mbona bega moja limeshuka. Nikamwambia ndiyo fasheni.

Jumatano sasa ndiyo kiama. Ni siku ya miguu. Wanavuta chuma kutoka sakafuni mpaka mapajani, wenyewe wanaita dedilifti, kisha wanakiachia kama kimewaunguza. Nikipiga mshono Jumatano, unatoka kama njia ya mlevi.

Nikamwita kiongozi wao. Kijana shingo hana, kichwa kimekaa juu ya mabega kama nazi kwenye kigoda. Lakini adabu anayo. "Shikamoo, mzee." Marahaba. "Mzee wangu, huu mchezo hauna upole. Ngoja nikuonyeshe wenzetu." Akatoa simu. Nikamuona Eddie Hall, Mwingereza, mwaka 2016 kule Leeds, anavuta kilo 500. Nusu tani, jamani! Damu ikamtoka puani, akazimia. Halafu mwaka 2020 Hafþór Björnsson wa Aisilandi akavuta kilo 501. Yaani mtu kakaa miaka kanenepeana na kujitesa ili aongeze pakiti moja ya sukari juu ya ng'ombe.

Nikamwambia, mwanangu, anayetokwa damu puani mimi sina neno naye, hata akiangusha dari lote. Lakini huyu wako wa saa kumi na mbili nimemuona anapakia: kilo 40. Haijafika hata mfuko wa saruji. Na saidia fundi anapanda ngazi na mfuko wake huku anaimba taarabu.

Usiku sikulala, nikachunguza mwenyewe kwenye simu. Kumbe kwenye mashindano ya pawalifti, mchezo wenye hiyo dedilifti, chini ya shirikisho lao la kimataifa, IPF, ukishavuta unasubiri refa akuamuru kushusha, na ukikiachia chuma badala ya kukisindikiza chini kwa mikono yote miwili, hesabu hakuna. Umejitesa bure. Wenye ruhusa ya kuachia ni wale wa Olimpiki wanaonyanyua juu ya kichwa, na hata wao hawaachii kutoka huko juu. Lazima kwanza kipite mabega kikishuka. Tena sahani zao za uzito ni za mpira na wana jukwaa. Hapa kwetu sakafu ni vigae, na mpira pekee uliomo humo ndani ni kandambili zao.

Nikakuta na mengine. Kule ufukwe wa Djúpalónssandur, Aisilandi, kuna mawe manne ambayo wavuvi walikuwa wakipimwa nayo nguvu. Fullsterkur, mwenye nguvu kamili, kilo 154. Hálfsterkur, nguvu nusu, kilo 100. Hálfdrættingur, kilo 54. La mwisho linaitwa Amlóði, kilo 23, yaani mtu asiyefaa kitu. Nikapiga hesabu: kijana wetu kampita Amlóði, ila wa kilo 54 bado anamsikia kwa mbali. Kelele zake, lakini, ni za Fullsterkur.

Kuna kuli wa Kariakoo ananiletea majora ya vitambaa. Huyo anabeba lumbesa, gunia lililoshiba likavalishwa na kilemba juu, na matenga ya nyanya. Akifika anashusha kama anamlaza mtoto. Sijawahi kumsikia akiguna. Aguna ya nini? Akiangusha, nyanya analipa yeye.

Basi Jumatano iliyopita nikapanda mwenyewe, futi ikiwa shingoni, kuwaonyesha watoto jinsi kitu kinavyoshushwa kistaarabu. Nikashika kilo 40 zile zile. Kunyanyua, wallahi, hakukunisumbua. Shida ilinikuta huko huko juu. Mgongo unasema achia, na mdomo wangu wa wiki tatu unasema thubutu! Vijana wametega simu. Chini mteja anaita, "Fundi! Fundi upo?" Nitamjibu na pumzi ya nani?

Nikaanza kushuka. Taratibu, inchi kwa inchi, magoti yanalia kama mlango wa choo cha uani. Chuma kikagusa kigae, hata kijiko kingetoa sauti zaidi. Jimu zima kimya.

Na ndani ya kimya hicho kila mtu akaisikia suruali yangu ikifunguka, kutoka kwenye mkanda mpaka chini kabisa. Nilikuwa nimeishona mwenyewe, Jumatano.