Hifadhidata kwenye seva pepe: hesabu ambayo ofisi za Arusha huiacha nusu

Ofisi nyingi za utalii jijini Arusha zimetoka kwenye daftari na majedwali ya Excel, na sasa zinatunza safari za wageni katika hifadhidata za kimahusiano, ambamo mgeni, gari, kambi na malipo hukaa katika majedwali tofauti yanayounganishwa kwa funguo, kwa misingi aliyoiweka Edgar Codd wa IBM mwaka 1970. Kinachobishaniwa ni mahali pa kuiweka hifadhidata hiyo. Je, fundi wa ofisi aisimike mwenyewe programu ya hifadhidata kama PostgreSQL au MySQL juu ya seva pepe ya kukodi, yaani sehemu ya kompyuta kubwa ya mtoa huduma inayofanya kazi kama mashine kamili, au ofisi ilipie huduma ambayo mtoa huduma ndiye anayeisimamia, kama Amazon ilivyoanza kuiuza mwaka 2009, miaka 3 baada ya kuanza kukodisha seva pepe zenyewe?

Wanaotetea seva pepe wana hoja nzito. Kwa kumbukumbu (RAM) na vichakataji vile vile, seva pepe hugharimu pungufu, na ofisi ndogo inaweza kuweka tovuti na hifadhidata katika mashine moja ikalipa ankara moja, jambo lisilo dogo pale ambapo mapato ya msimu wa Juni hadi Oktoba ndiyo yanayolipia miezi ya masika. Fundi anapata mamlaka yote juu ya mfumo endeshi, hapangiwi toleo la hifadhidata wala programu ya nyongeza ya kutumia, na siku ofisi ikitaka kuhamia kwenye seva zilizo nchini anahama na mpangilio wake wote. Hoja hiyo ya mwisho imepata uzito tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kwa kuwa inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na ofisi hizi hutunza namba za pasipoti za wageni.

Hata hivyo, katika hesabu hiyo ya bei mara nyingi sioni kazi ya fundi. PostgreSQL ikisimikwa bila kuguswa hujitengea megabaiti 128 tu za kumbukumbu ya pamoja, hata kama mashine ina gigabaiti 16, ilhali ushauri wa kawaida ni kuanzia robo ya kumbukumbu yote. Kila toleo kuu hupewa masasisho kwa miaka 5, kisha linabaki bila ulinzi. Kazi ya kunakili mahali pengine faili zinazorekodi kila badiliko la data ikikwama, faili hizo hurundikana hadi diski ijae na hifadhidata izime, na hilo linaweza kutokea saa nane usiku, wakati Arusha imelala na mteja wa Marekani ndiyo kwanza ameketi jioni kulipia safari yake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu kazi zao, iliyokuwa ikiendesha PostgreSQL yake yenyewe kwenye seva za kukodi. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wake, akihangaika usiku kurekebisha seva ya pili, inayonakili data ya seva kuu, ambayo ilikuwa imeachwa nyuma, alifuta saraka ya data katika seva kuu akidhani yuko katika ile nyingine. Walipokwenda kwenye nakala rudufu walikuta hazipo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa takriban saa 6 kabla ya tukio, kwa sababu nyingine kabisa. Hao walikuwa na kikosi kizima cha wataalamu, na ndiyo maana siwezi kuwalaumu. Ninachojiuliza ni hali ya ofisi yenye fundi mmoja ambaye pia hutengeneza printa.

Huduma ya kusimamiwa nayo haimzuii mtu kufuta jedwali. Tofauti ni kwamba nakala hujitengeneza zenyewe, na katika RDS, ile huduma ya Amazon ya hifadhidata za kusimamiwa, unaweza kurudi hadi dakika unayoitaka ndani ya muda unaofika siku 35. Kwa upande wa intaneti hakuna aliye salama zaidi: nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024, aliyekodi seva pepe ughaibuni na aliyekodi huduma kamili walikwama pamoja.

Kwa hiyo ofisi yenye fundi mmoja ningeishauri ilipie huduma ya kusimamiwa, hata ikiwa ankara itapanda. SACCOS au kampuni ya programu yenye angalau watu wawili wanaoweza kupokezana zamu ina sababu nzuri ya kubaki kwenye seva pepe, mradi kabla ya Juni fundi aichukue nakala ya usiku uliopita, airejeshe katika mashine tupu mbele ya meneja, na muda aliotumia uandikwe.