Mdau wa Milioni

Sikuwa nimelewa. Nalitanguliza hili kwa sababu kila ninayemsimulia mkasa huu huniuliza hilo kwanza. Mbele yangu palikuwa na Fanta moja, tena ya kununuliwa.

Ilikuwa Jumapili moja ya Julai 2021, kikao cha kwanza cha harusi ya mtoto wa shangazi yangu, kwenye baa moja ya Tabata. Kilichoniponza ni jamaa niliyesoma naye sekondari. Alikaa meza ya mbele, kaanika funguo za gari mezani kama mtu anayeanika dagaa. Mwenyekiti alipomfikia, jamaa akasimama, akakohoa kidogo, akasema: "Laki tano." Makofi. Halafu akanigeukia na kile kicheko chake cha kidato cha pili.

Mimi nilikuwa nimepanga kusema elfu hamsini, bei ya kadi ya mtu mmoja, na hata hiyo nilitaka kuilipa kwa mafungu mawili. Mshahara wangu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni ulikuwa laki nne, na kabla haujaingia, mwenye nyumba na Mangi wa dukani walikuwa wameshaugawana. Nikasimama. Ulimi ukatangulia, akili ikabaki kwenye kiti.

"Mimi na familia yangu, milioni moja."

Familia yangu wakati huo ilikuwa mimi na jiko la mchina.

Baa nzima ikalipuka vigelegele. Shangazi akavua kanga yake ya begani, akaitandika chini nipite juu yake. Nikapita, polepole, kama waziri anayekagua barabara. Jamaa wa funguo akazitia mfukoni. Mtu ambaye mpaka leo simjui akaniongezea Fanta. Nikisema ukweli, dakika zile kumi zilikuwa tamu kuliko pesa yoyote niliyowahi kuishika.

Baada yangu akasimama mzee mmoja wa pembeni, kavaa kandambili za bluu na shati lililopauka kola. Akasema laki moja. Akatoa kirambo cheusi, cha ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019, akakifungua fundo taratibu kwa meno, akahesabu misimbazi kumi palepale, akakikunja kirambo chake akakirudisha mfukoni. Nadhani alikithamini kuliko pesa zenyewe. Alipigiwa makofi mawili matatu ya adabu. Mimi nilimwonea huruma. Nilijisemea, masikini mzee wa watu, itakuwa kauza kuku.

Mweka hazina wetu alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuwa na kaunta buku, rula na kalamu nyekundu. Kila siku saa mbili usiku alituma orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, na tiki ya kijani kwa aliyelipa. Jina langu liliongoza orodha kwa sababu ya ukubwa wa ahadi. Mbele yake paliandikwa "bado". Ukubwa wa milioni ukitaka kuujua, itazame ikiwa juu ya orodha siku thelathini mfululizo.

Kilichoniokoa kwanza ni serikali. Tarehe 15 Julai mwaka ule ndiyo ilikuwa imeanza ile tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala. Nchi nzima ililia, nami nikajiunga na kilio cha taifa. Nikamwandikia Mwalimu: "Shikamoo Mwalimu. Pesa ipo. Ila kuituma kwa tozo hizi ni kuizawadia serikali badala ya maharusi. Ikishuka tu, naachia mzigo." Kundi zima likaniunga mkono. Mtu mmoja akaandika, "Huyu kijana ana uchungu na pesa, ndiyo maana anazo." Agosti yote niliishi vizuri.

Septemba serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30. Wananchi walifurahi. Mimi nilipata ujumbe wa Mwalimu saa kumi na mbili asubuhi, sijapiga hata mswaki: "Mwanangu, Mungu ni mwema, imeshuka. Niko hewani."

Nikazima simu siku mbili. Siku ya tatu Mwalimu akaja dukani, na kalamu yake. Nilimwona akivuka barabara, nikaruka nyuma ya rundo la mifuko ya saruji, nikajibanza. Mmoja ulikuwa umepasuka. Nikamsikia akimsalimia bosi wangu, wakaulizana hali, wakaulizana wajukuu, halafu bosi akasema bila hata kupunguza sauti: "Yupo, Mwalimu. Kajificha hapo nyuma ya saruji."

Nikatoka, kijivu kuanzia kope mpaka ndala.

"Pole na kazi, mwanangu," akasema Mwalimu. Akafungua kaunta buku juu ya kaunta, akapiga mstari kwa rula, akaandika huku akitamka kila neno kama anatoa imla: "Ata-ka-mi-li-sha u-kum-bi-ni."

Ikabaki wiki moja. Nikaenda kwa watu wa mikopo, hawa tunaowaita kausha damu, nikaweka runinga rehani, nikapewa laki moja na nusu ya kurejesha laki mbili ndani ya mwezi. Nikaomba nipewe yote kwa noti za buku. Hesabu yangu ilikuwa hivi: misimbazi kumi na tano kwenye bahasha ni karatasi tu, lakini Nyerere mia na hamsini ni tofali. Nani atahesabu harusini? Watu wanakula, wanacheza, bahasha inaingia kwenye kapu, mimi natokomea. Bahasha ya kaki ikavimba kama mkate wa boflo. Suti nilikodi kwa elfu thelathini, pesa niliyoitenga kwa mafuta ya taa na nauli za wiki. Bodaboda wa kunifikisha ukumbini alitaka buku. Sikuwa na nyingine, nikachomoa moja kwenye bahasha. Moja tu.

Ukumbini mhudumu akanipeleka meza kuu, palipoandikwa kabisa kwenye kikadi: MDAU. Nikakaa kati ya wajomba wawili wa bwana harusi. Ilipoletwa ndafu, yule mbuzi mzima kasimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, niliitwa niwe wa tatu kulishwa, kabla ya wajomba. Mjomba wa kushoto hakuniongelesha tena usiku ule.

Ukafika wakati wa zawadi. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Tulieni! Kuna watu na kuna viatu! Namwita mdau wa milioni!" Muziki ukapanda. Nikatoka na bahasha juu, nikicheza, suti ikinibana mapajani, watu wamesimama juu ya viti wakipiga picha. Mshereheshaji akaipokea bahasha, akaipima mkononi. "Jamani, nzito!" Nikaanza kurudi kinyumenyume. Akanishika mkono. "Usikimbie, mdau. Nzito hivi lazima tuihesabu. Mwalimu, njoo!"

Mwalimu akaja na miwani. Akaifungua bahasha, akatoa noti ya kwanza ya bluu, akaniangalia juu ya miwani sekunde kama mbili hivi. Akailaza mezani.

"Moja," akasema kwenye kipaza sauti.

Ukumbi ukadhani ni mchezo. Wakaitikia kwa pamoja. Mbili. Tatu. Watu mia tatu wakihesabu kwa mdundo, DJ akawawekea ngoma chini yake. Kwenye thelathini vijana walikuwa wanaruka. Kwenye sitini walianza kutazamana. Kwenye themanini DJ akapunguza sauti, mwenyewe, bila kuambiwa. Kwenye mia na ishirini tulikuwa tumebaki tunahesabu mimi, Mwalimu na mtoto mmoja wa darasa la pili aliyefurahia kujua namba. Mia na arobaini na tisa ilisemwa na mtoto peke yake.

"Na hamsini?" akauliza.

"Amepanda bodaboda," nikajibu. Sijui kwa nini nilijibu.

Mwalimu akafungua kaunta buku. Kalamu nyekundu. "Baki," akatangaza, "laki nane na hamsini na moja elfu."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Aliyenifuata ni yule mzee wa kandambili, safari hii kavaa makobazi. Kijana wa getini akainuka mbio kumpisha kiti, mlinzi akamletea rundo la funguo, akazipokea bila kuangalia na kuzitia kwenye kirambo chake. Hapo ndipo nilipogundua ukumbi ni wa nani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ungesema elfu hamsini siku ile, ukaja na laki na nusu leo, wangekubeba juu juu."

"Shikamoo mzee," ndilo neno nililopata.

"Marahaba. Salio la ukumbi kamati walinipangia kwenye hiyo milioni yako. Hata jenereta hiyo unayoisikia ni wewe." Akachukua toothpick, akatoa mbuzi kwenye jino. "Sina haraka."

Runinga ilichukuliwa Novemba. Mwezi huohuo nikaanza kumtumia Mwalimu elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, na yeye akampelekea mzee. Miezi kumi na saba. Machi 2023 nilipotuma ya mwisho nilishusha pumzi, nikaagiza chipsi mayai, tena na mishikaki. Simu ikalia kabla sijagusa.

"Mwanangu hongera. Mahesabu yamekaa vizuri. Imebaki shilingi 1,000, ile ya bodaboda."

Nikaituma. Makato nikayalipa mimi. Usiku ule nikaona nimeingizwa kwenye kundi jipya: kamati ya ubatizo wa mtoto wa wale maharusi. Orodha ilikuwa tayari imewekwa, na mbele ya jina langu, kwa herufi nyekundu, Mwalimu alikuwa ameandika: "Huyu asisimame. Alete mkononi."