Umeshikwa mtihani wa leseni? Hamu ya kusoma iache kwanza

Matokeo ya mtihani wa leseni ya uuguzi yakitoka, simu yangu huanza kuingia ujumbe wa aina moja kutoka kwa waliofeli: "Shikamoo mama. Nimeshikwa. Hata daftari sina hamu ya kulishika." Najua pia wanachojibiwa na wengine: usikate tamaa, mipango ya Mungu, jipe moyo mdogo wangu. Sina ugomvi na Mungu. Ila nimefanya kazi wodini hapa Moshi muda wa kutosha, nimekaa na vijana wengi wanaorudia mtihani huu, na sijamwona hata mmoja aliyerudi kwenye vitabu kwa sababu aliambiwa ajipe moyo. Wanajibu "asante sana mama", wanabandika vile viganja vilivyounganishwa, wanavuta shuka.

Kwa maoni yangu tunawapa pole ya ugonjwa ambao hawana. Tunadhani hamu imeisha, kwa hiyo tunajaribu kuirudisha kwa maneno. Mimi ninachokiona mbele yangu ni aibu. Huyu binti amemaliza miaka mitatu ya diploma, amekesha wodini akiwa mwanafunzi, mitihani ya chuo ameivuka yote. Mtaani walianza kumwita nesi siku ile ya kwanza walipomwona na yunifomu. Akienda Mbuyuni kununua ndizi, muuzaji anamuuliza, "Nesi, umepangiwa wapi?" Jirani wa Pasua anamletea mtoto mwenye homa amwangalie. Halafu arudi nyumbani afungue daftari lilelile ambalo kila ukurasa unamwambia kwamba ulinisoma na bado ukashikwa. Nani atalifungua? Badala yake anafua, anapiga deki, anapika, anakuwa mtoto mwema kuliko alivyowahi kuwa, na jioni anasema leo sikupata muda. Mnaomwita mvivu mniambie: mvivu gani anafua mapazia ya nyumba nzima Julai, jua lenyewe halijaonekana na mlima umejifunika tangu alfajiri?

Aibu haiondoki kwa kuhubiriwa. Inapungua mtu akijiona anajua kitu, na hapo ndipo hamu huanza kujitokeza yenyewe. Ndiyo maana anayekuja kwangu simwambii neno juu ya ndoto zake. Nampa swali.

Mwezi uliopita alikuja mmoja na mfuko wa madesa, yale ya kutoa kopi steshenari, mengine yamefifia hata hayasomeki. Nikamwambia ayaache mfukoni. Nikamuuliza: mama ana kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, na dozi inayofuata imefika. Unamhesabia pumzi unapata 12 kwa dakika. Unamgonga goti, mguu hauruki. Unafanya nini kwanza? Akajibu haraka, "Nampigia daktari." Sawa, daktari yuko chumba cha upasuaji, atakuja baadaye. Dozi je? Akanyamaza. Akatazama mkono wake kana kwamba ameshika sindano. "Siichomi," akasema. "Naisimamisha. Pumzi lazima zifike 16." Mkojo je? "Mililita 30 kwa saa, zisipungue." Na kama sumu ya dawa imeshaanza? "Kalsiamu glukoneti, na namsaidia kupumua." Yote hayo yalitoka kichwani, madesa yako mfukoni. Alikuwa ameyaona wodini, tena kwa macho yake. Lililomwangusha ni neno "kwanza". Wengi ninaokaa nao wanaangukia hapo: kwenye swali la kuchagua, majibu yote manne ni mambo ambayo nesi hufanya, na mtu anachagua lile analolikumbuka vizuri zaidi badala ya lile linalomwokoa mgonjwa dakika hii. Njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, halafu ndiyo mengine. Kupima kabla ya kutenda, isipokuwa pale ambapo umeshapewa vipimo, kama kwa huyu mama.

Aliondoka akiniuliza kama nina maswali mengine. Sikumpa somo lolote la kujiamini.

Kosa ninaloliona kwa wanaorudia ni kuanza upya na ukurasa wa kwanza. Anachukua anatomia, anasoma, anapiga mstari kwa kalamu ya rangi, anasoma tena. Ni raha, kwa sababu unaposoma kitu mara ya tatu kinaonekana rafiki. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja walizisoma tena na tena. Lingine walisoma kipindi kimoja tu, kisha wakawa wanafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Sasa mtihani wa leseni hauji dakika tano baada ya kufunga daftari. Na wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka, jambo ambalo linanikumbusha vijana wanaoniambia "mama, nilipiga msuli kweli kweli, sijui ilikuwaje".

Kwa hiyo anza na maswali, tena machache. Yakikushinda, ndipo ufungue daftari kutafuta hilo tu lililokushinda. Jioni ukikaa na maswali kumi na ukajua kwa nini kila jibu ni hilo, inatosha, kalale.

Wenzetu wa Marekani wana kitu kimoja ninachokipenda. Anayeshindwa mtihani wao wa leseni, NCLEX, hupewa ripoti inayomwonyesha kwa kila eneo kama alikuwa juu ya kiwango, karibu na kiwango, au chini yake. Kisha husubiri angalau siku 45 ndipo arudie. Hiyo ripoti unaweza kujiandikia mwenyewe. Chukua karatasi, andika ukunga, watoto, magonjwa ya ndani na upasuaji, afya ya akili, afya ya jamii, dawa na hesabu zake. Jipime kila eneo kwa maswali, uandike ukweli. Karibu kila mtu anagundua kwamba hakushindwa uuguzi wote. Alishindwa sehemu mbili au tatu, na mara nyingi mojawapo ni hesabu za dawa, ambazo chuoni alikuwa anamwachia mwenzake wa pembeni.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ukali. Ukishikwa, atatokea mwenye zahanati atakayekuambia njoo tu, leseni utapata baadaye, nitakulipa kidogo kidogo. Utaandikwa mhudumu, lakini sindano utachoma, dripu utaweka, na usiku utabaki peke yako na mama anayejifungua. Usikubali. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka usajili na leseni kabla ya kufanya kazi ya uuguzi, na siku mgonjwa akiharibikiwa mikononi mwako, huyo bosi hatakumbuka kama alikuahidi kitu. Bora uuze parachichi. Nasema kweli kabisa: kuuza parachichi asubuhi na kufanya maswali jioni hakumharibii mtu jina, na hela ya kurudia mtihani inapatikana.

Na ninyi wazazi wenzangu, hasa sisi wa huku ambao tumeuza ng'ombe na kahawa mtoto asome. Najua uchungu. Lakini kila anayekuja kwako ukimsimulia "huyu ndiye yule niliyemsomesha", unamwongezea mzigo kichwani. Mtoto wa kike nyumbani hana saa yake. Akikaa tu anaitwa: lete maji, nenda dukani, mshike mtoto, mgeni amekuja weka chai. Kaka yake akirudia mtihani wake anafungiwa chumba, anapelekewa mtori. Mpe naye saa mbili ambazo jina lake haliitwi. Kama nyumbani haiwezekani, maktaba ya mkoa ipo hapo mjini, aende, na simu aiache kwa mama yake. Nimeona bando la wiki likiisha kwenye video za watu wanaoonyesha jinsi wanavyosoma.

Kuhusu nani aambiwe, mimi sioni ulazima wa kuutangazia ukoo mzima. Waambie wawili watatu. Muuza ndizi mjibu kwamba bado unasubiri, na hilo ni kweli. Ila tafuta mwenzako aliyeshikwa pia, mkae pamoja, kila mmoja amtungie mwenzake maswali. Kutunga swali zuri ni kazi ngumu kuliko kulijibu, na inakulazimu kujua kwa nini majibu mengine matatu si sahihi.

Haya, tusipoteze muda. Mgonjwa ameandikiwa lita moja ya dripu iishe kwa saa 8, na seti uliyonayo inatoa matone 20 kwa mililita. Yaende matone mangapi kwa dakika? Andika kwenye karatasi, kikokotoo cha simu kiache. Ukipata namba kubwa ya kutisha, rudi uangalie zile saa 8 kama umezigeuza kuwa dakika.